Ini la Mpishi

Daktari aliuliza kwa mara ya pili Odero alikuwa akinywa pombe kiasi gani kwa wiki, na kwa mara ya pili Odero akajibu kwamba hanywi. Alijibu kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Mlango wa chumba kile haukufungika sawasawa, na kwenye benchi la nje, kati ya wagonjwa waliokumbatia faili zao, alikuwa ameketi Mama Kiarie wa kanisa lao la Kangemi, aliyekuja Upper Hill kuchukua dawa zake za presha. Naliaka, mkewe Odero, alimwona akiacha gumzo na kutega sikio. Alitamani kuusukuma mlango kwa mguu, lakini mguu haukufika.

Daktari Kavutha hakuwa mtu wa kudharau watu. Aliuliza kwa sababu ilimpasa kuuliza, akaandika jibu, akageuza skrini ili wote wawili waone. Ini la Odero, akasema, limejaa mafuta. Si pombe iliyolijaza, ni chakula: mafuta, sukari na kutotembea. Watu wengi mjini wana ini kama hilo na hawajui, kwa sababu ini likinona halipigi kelele. Kelele husikika likishaanza kukauka na kuwa gumu, na hapo hata daktari hana la kufanya ila kushika tama.

"Mimi ni mpishi, daktari," Odero akasema. "Chakula nakielewa."

"Ndiyo maana nakuambia wewe," daktari akajibu.

Alipotaka kujua Odero hula nini, ni Naliaka aliyejibu, maana mumewe alikuwa ameinamia viatu vyake. Alieleza kwamba Odero ni mpishi katika nyumba ya Bi. Nyakio huko Spring Valley, na desturi ya nyumba ile ni kwamba chakula kikishatoka mezani hakirudi mezani. Kinachobaki ni cha mpishi. Odero hukila akiwa amesimama jikoni: viazi vilivyopondwa kwa siagi, nyama ya nguruwe na ngozi yake, keki za krimu. Kisichoingia tumboni huingia kwenye mikebe na kuja nyumbani. Naliaka aliyasema haya kwa aibu, kana kwamba anamchongea jirani, kwa sababu mikebe ile ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba yao. Watoto wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga walijua saa ya Odero, Baba Ivyne kama walivyomwita, kurudi kutoka kazini.

Odero aliuliza kama kuna dawa. Daktari akasema hana ya kumpa kwa sasa, dawa iko kwenye sahani na kwenye miguu. Wapo watafiti, akaongeza, waliowalisha panya mafuta mengi kisha wakawapa maji yaliyokamuliwa kutoka kwa majani fulani, na maini ya panya hao yakalindika kiasi. Lakini panya ni panya. Kwa binadamu jambo hilo halijathibitishwa, na majani yakikamuliwa na kukolezwa sana, ini lilelile ndilo linalobebeshwa kazi ya kuyachuja. Kwa hiyo wasinunue chupa za mitaani. Warudi baada ya miezi mitatu apimwe tena.

Naliaka alitoka mle akiwa amelibeba neno sahani. Odero alitoka na neno majani, na hayo mengine akayaacha hukohuko Upper Hill.

*

Kabla ya Jumapili, kanisa zima lilikuwa na habari. Mama Kiarie hakusema uongo. Alisema alichokisikia, kwamba Brother Odero ana ugonjwa wa ini na daktari alikuwa anamuuliza mambo ya pombe. Pengo lililobaki lilizibwa na waliosikiliza. Katika kanisa kama lao, ambako hata maji ya matunda yaliyokaa sana hutiliwa shaka, ini lina maana moja tu.

Na habari zilikuja wakati mbaya kupita zote. Jina la Odero lilikuwa limependekezwa kwa ushemasi. Mtu hawekewi mikono kanisani mwao kabla wazee hawajafika kwake, wakala mezani pake na kuiona nyumba anayoiongoza. Baada ya ibada Mzee Mungai, mkubwa wa wazee, alimshika Odero mkono, akamvuta karibu kumsalimia, na akabaki karibu hivyo kwa muda, tundu za pua zikimtanuka kidogo. Odero alijua ananuswa. Alisimama wima anuswe.

Tangu siku hiyo aliamua kwamba ugonjwa haupo. Mpishi akikataa chakula, alimwambia Naliaka, watu watajua ana kitu. Kwa hiyo kila alipoketi mezani mbele ya waumini alikula akaongezwa, akaongezwa tena, akishiba kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Naliaka alimtazama na kuona anajizika kijiko kwa kijiko. Alikasirika, akaogopa, na hasira na hofu vikamchanganyikia hadi akashindwa kujua anachopika.

Yeye mwenyewe alikuwa muuza mboga za kienyeji katika soko la Ngara: kunde, saga, mrenda, na zaidi ya zote managu, ile mboga chungu ambayo kwao Bungoma huitwa namasaka na kwa kina Odero osuga. Siku moja jioni alimwandalia Odero bakuli la managu na ugali, bila maziwa wala samli. Odero alilitazama kama aliyeletewa barua ya kuhamishwa nyumba.

"Hii niliimaliza utotoni," akasema. "Baba alipokufa tulikula osuga mpaka meno yakawa kijani. Nilipokuja Nairobi niliapa. Mboga ya matanga haitapita kwa mdomo yangu tena."

Akavuta mkebe wake. Binti yao Ivyne, aliyekuwa kidato cha tatu, alimtazama baba, akamtazama mama, kisha akala kutoka pande zote mbili kama mwanasiasa.

Naliaka alimwambia basi, kama mkono wake yeye haufai, apike mwenyewe kitu kizuri kisicho na mafuta. Si yeye ndiye fundi? Odero alicheka. Mkono ule uliowaandalia wageni wa Bi. Nyakio karamu za kila namna haukuwahi kushika mwiko nyumbani kwake. Alilelewa kwamba mwanamume anayefunua sufuria ya mkewe anatafuta ugomvi, na kule Spring Valley ilikuwa kazi, kama vile mtu anavyofagia benki bila kuwa na akaunti.

"Jiko la nyumbani lina mwenyewe," alisema, na mjadala ukafungwa.

Wiki chache baadaye Naliaka alikuwa akifua koti jeupe la kazi la mumewe alipopata chupa mfukoni. Ndani mlikuwa na maji ya kijani kilichoiva, na kwenye karatasi iliyobandikwa palichorwa mlima wenye theluji na ua la zambarau. Alimngoja arudi, akamwonyesha. Alidhani Odero ataona haya. Odero alifurahi, kama mtu aliyekuwa akitafuta nafasi ya kusimulia. Dawa ilikuwa ya Brother Jamleck, mweka hazina wa kanisa, mwenye duka la tiba asilia pale Ngara. Jamleck alimwita kando, akamwambia yeye hajali maneno ya watu, kisha akamuuzia.

"Ni mmea wa milima ya ng'ambo," Odero akasema. "Unakunywa kifuniko moja kabla ya kula. Inafunika ini kama koti ya mvua. Mafuta inateleza inaenda zake."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ninakula, Mama Ivyne. Si ndiyo maana ya kinga?"

Naliaka alimkumbusha alichosema daktari. Odero akajibu kwamba daktari ndiye aliyesema majani yanalinda, yeye alikuwa palepale. Naliaka alifungua chupa akainusa, na harufu ikamjia kama mtu unayemfahamu aliyevaa nguo za ugenini. Alilala na harufu ile kichwani.

*

Jamleck alikuwa ndiye mteja wake mkubwa kuliko wote. Kila wiki alichukua gunia zima la managu, hajawahi kubishana bei, na alikuwa amemwambia kwamba linakwenda kwa watoto wa shule fulani hapo jirani. Naliaka alimwombea baraka kwa ajili ya watoto hao. Gunia hilo ndilo lililokuwa likimlipia Ivyne karo.

Siku ya gunia ilipofika, mwenye mkokoteni aliyezoea kulipeleka hakutokea. Jua lilikuwa linapanda na managu yakianza kulegea, kwa hiyo Naliaka aliliinua gunia mgongoni mwenyewe na kupanda nalo ngazi za jengo la maduka ya jumla lililokuwa na duka la Jamleck, akipishana na watu wenye mabunda ya nguo na maboksi ya vyombo. Hakuwahi kufika huko juu. Aliposukuma mlango alikutana na mvuke, na ndani ya mvuke sufuria mbili kubwa kama za harusi, managu yake yakichemka humo hadi kuwa uji, kitambaa cha kuchujia kikining'inia kwenye msumari, na mezani, zimepangwa safu, chupa zenye mlima na ua la zambarau.

Jamleck alitoka chumba cha nyuma akifuta mikono. Hakuruka wala kubabaika. Alimsaidia kulitua gunia.

"Uliniambia ni ya watoto," Naliaka akasema.

"Ningekuambia ungepandisha bei, dada."

Akamvutia kiti, Naliaka hakuketi. Jamleck alizungumza kwa upole, kama anavyotangaza sadaka. Managu ni dawa, akasema, si uongo, yeye mwenyewe Naliaka huwaambia wateja wake hivyohivyo. Hata maabara wamepima. Naliaka akamwambia wamepima kwa panya. Jamleck akasema panya naye ni kiumbe wa Mungu.

"Lakini watu wa Nairobi hawapendi uchungu," akaendelea. "Ukiwaambia ni managu wanageuza uso. Ukiwaambia imetoka milimani wanatoa pesa bila kuuliza. Mimi nawapelekea kwa chupa kile kitu wamekataa kwa sahani. Dhambi iko wapi?"

"Odero umemwambia aendelee kula."

"Sijamwambia ale. Nimemwambia itamlinda. Hiyo ya kula ameongeza mwenyewe."

Kilichomuumiza Naliaka ni kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Jamleck alimpa malipo ya gunia, naye akayapokea, akashuka ngazi akiwa ameyafumbata. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanye nini ikiwa nguo yenyewe ameifuma yeye. Alikuwa amebeba mgongoni kile kilichokuwa kikimpa mumewe ruhusa ya kufa.

Jioni alimweleza Odero kila kitu, sufuria, kitambaa, chupa. Odero alimsikiliza hadi mwisho akitafuna. Kisha akasema kwamba muuza majani huona majani kila mahali, na kwamba hakutarajia yeye, mke wake wa ndoa, amwonee wivu ndugu aliyemsaidia wakati wengine wanamnusa.

*

Miezi mitatu ilipokwisha walirudi Upper Hill. Safari hii Naliaka aliuvuta mlango mpaka ukakaza. Daktari Kavutha alisoma matokeo, akayasoma tena, kisha akasema hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Vipimo vya ini vimepanda na uzito umepanda. Aliuliza kama kuna kitu chochote Odero ametumia, dawa, mitishamba, chochote. Odero akasema hakuna.

Naliaka alifungua mkoba akaiweka chupa mezani. Odero alimgeukia na kumtazama kama asiyemjua.

Daktari aliisoma karatasi ya chupa kwa makini. Alisema hawezi kujua kama kilicholichokoza ini ni chakula, ni chupa, au vyote viwili. Analojua ni kwamba Odero asiinywe tena. Na majani yenyewe je, Naliaka akauliza, yakipikwa yakaliwa kama mboga? Hayo ni chakula, daktari akasema, tena chakula kizuri, mradi yakae mahali pa siagi, si kando yake. Akamgeukia Odero akamwambia bila kuficha kwamba ini lake bado linaweza kurudi nyuma, lakini halitamngoja amalize kuona haya.

Njiani Odero alitembea mbele peke yake. Walipofika nyumbani alisema neno moja tu, kwamba amemvua nguo mbele ya daktari. Naliaka alijibu kwamba daktari ndiye mtu wa kuvuliwa mbele yake.

Jamleck alipotuma mtu kuchukua gunia la wiki ile, Naliaka alimwambia halipo, na halitakuwepo. Akarudi kupanga mafungu yake madogomadogo ya rejareja, akijua fika kwamba karo ya muhula ujao haijulikani itakakotoka. Roho ilimtulia hata hivyo. Lililokuwa limebaki ni Jumapili, siku ya wazee kuja kula.

Jumamosi Bi. Nyakio alikuwa na sherehe ya binti yake aliyehitimu chuo, na Odero alirudi amebeba mikebe hadi kidevuni. Mbavu za mbuzi zilizochomwa zikielea kwenye mafuta yake, viazi vya siagi, robo ya keki. Alivipanga mezani, akajisahau akatabasamu. Wazee wakila hivi, akasema, hawatauliza maswali. Asubuhi alitangulia kanisani na Ivyne, akimwacha Naliaka apashe chakula moto.

Naliaka alisimama mbele ya mikebe ile kwa muda mrefu. Aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba hapa. Akimwaibisha mumewe mbele ya kanisa huenda ushemasi ukapotea, na ukipotea utakuwa umepotezwa na mke, nao ukoo wa Odero hautamsamehe wala wa kwake hautamtetea. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo cha Odero yeye ndiye atakayekipikia wageni. Alitoka nje akawaita watoto wa ploti waliokuwa hawajaenda kanisani, akamwita na mlinzi wa lango, akawagawia mbavu, viazi na keki mpaka mikebe ikabaki inang'aa. Kisha akajaza beseni maji, akaanza kuchambua managu.

*

Walikuja wanne: Pasta Kiilu, Mzee Mungai, Mama Kiarie kwa niaba ya akina mama, na Jamleck. Odero aliwakaribisha akiwa amevaa suti. Alikuwa bado anavuta viti pua yake ilipoanza kufanya kazi. Mpishi hahitaji kufunuliwa sufuria. Alimfuata Naliaka hadi kwenye pazia la jikoni, akamuuliza kwa kunong'ona mikebe iko wapi.

"Watoto wamekula."

Odero alirudi akaketi, akitabasamu kwa wageni kama mtu aliyekalia msumari. Pasta akaomba. Walipofumbua macho, mezani palikuwa na ugali wa wimbi, maharagwe ya kuchemsha, na bakuli kubwa la managu, ya kijani, makavu, bila tone la mafuta juu yake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hatimaye Mama Kiarie akasema kwa utamu kwamba kumbe siku hizi huko Spring Valley wanakula managu.

Naliaka alikuwa amesimama na upawa mkononi. Hakuuweka chini.

"Wazee, naomba niseme kabla hamjala. Baba Ivyne ana ugonjwa wa ini, na si ya pombe. Mama Kiarie, ulisikia daktari akiuliza, hukungoja jibu. Ini yake imejaa mafuta ya chakula. Kama ningewapikia nyama leo ndiyo muone nyumba yetu iko sawa, ningekuwa nimewapikia ya matanga yake."

Mama Kiarie alitazama mapaja yake. Naliaka alichukua chupa kwenye kabati, akaiweka kando ya bakuli, kijani karibu na kijani.

"Na hii ndiyo amekuwa akikunywa ndiyo aendelee kula. Brother Jamleck, waambie umeitengeneza na nini."

Jamleck aliangalia dari. Pasta Kiilu, ambaye naye alikuwa na chupa mbili kama ile nyumbani, aliinua uso haraka na kumkazia macho mweka hazina wake.

"Ni managu," Jamleck akasema mwishowe. "Lakini ni dawa kweli, pasta. Nilidanganya ilikotoka tu."

Hakuna aliyecheka. Odero aliinua chupa, akautazama ule mlima na theluji yake, kisha akalitazama bakuli. Uso wake ulimlegea, ukawa wa kijana mdogo wa kijijini kwao Ugenya aliyerudishwa mezani kwa lazima. Naliaka alimwonea huruma, na kwa nukta moja alitamani angerudisha maneno yake mdomoni. Aliushika upawa kwa nguvu zaidi.

Mzee Mungai alimuuliza Odero, bila ukali, kama ni kweli.

"Ni kweli, mzee," Odero akasema. Sauti ilitoka chini. "Sijawahi kuwa mlevi. Mimi ni mlafi. Afadhali hata ingekuwa pombe. Mlevi akiokoka anapewa maikrofoni. Mimi nitasimama mbele ya kanisa niseme nimeokoka kutoka kwa viazi?"

Mzee Mungai alikohoa, na kikohozi kikamponyoka kikawa kicheko. Alijipangusa macho. Alikiri kwamba daktari wake naye humwimbia wimbo huohuo kila mara na yeye humwitikia tu amina. Akanyoosha sahani. Mambo ya ushemasi, Pasta Kiilu akasema, yatazungumzwa watu wakiwa wamekula. Na mambo ya chupa, akaongeza bila kumtazama Jamleck, yatazungumzwa vilevile.

Basi wote wakamngoja mwenye nyumba aanze. Odero alikata tonge la ugali, akachota managu, akatia kinywani. Alitafuna amefumba macho. Naliaka alijua uso ule, ingawa hakuwahi kuuona nyumbani: ulikuwa uso wa kazi.

"Umemwaga maji ya kwanza?" Odero akauliza.

"Nimemwaga."

"Na bado ni chungu hivi."

"Niliogopa kuweka mafuta."

"Mafuta haitoi uchungu, inauficha tu." Akatafuna tena, akameza, na kumeza kwenyewe kulimgharimu. "Hii inataka kitunguu na nyanya nyingi, na moto kidogo, na mtu wa kuingoja."

Alivua koti la suti, akalitundika mgongoni mwa kiti. Akakunja mikono ya shati. Aliinua bakuli la managu kwa mikono miwili, akaelekea jikoni. Ivyne alijiziba mdomo. Naliaka alikuwa bado amesimama njiani, na hakumpisha mara moja.

"Hilo jiko lina mwenyewe, Baba Ivyne."

Odero alisimama mbele yake na bakuli lake. Macho yalikuwa mekundu.

"Basi mwenyewe aniazime," akasema.

Naliaka akampa na upawa. Pazia likamfunika. Wageni walisikia gesi ikiwashwa, sufuria ikitua, kisha kisu kikikata kitunguu kwa mwendo wa haraka na wa sawasawa ambao haukuwahi kusikika katika nyumba ile. Wanaume watatu mezani waliangaliana, kila mmoja akiomba mkewe asije akasikia habari hizi. Naliaka aliketi kwenye kiti cha mumewe, mara ya kwanza tangu asubuhi kuketi. Hakujua kama ini litarudi nyuma. Hakujua karo itatoka wapi, wala kama mikono itawekwa juu ya kichwa cha Odero au haitawekwa. Alijua tu kwamba hakuwa tayari kuomba msamaha.

Harufu ya nyanya ilianza kupita pembeni mwa pazia. Kisu kilikuwa kimenyamaza. Walimsikia Odero akifungua kabati moja, akalifunga, akafungua la pili, akainua vifuniko vya mikebe na kuvirudisha. Kisha akaita, kwa sauti ndogo ya mtu aliyepotea mahali asipopaswa kupotea.

"Mama Ivyne, chumvi inakaa wapi?"

Naliaka aliinuka, akapita pazia, akaenda kumwonyesha.